Fungueni Orodha ya Masomo Kabla ya Kufunga Masanduku

Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Mkuu wa Shule na walimu wenzako, wazazi na walezi, vijana wetu mliomaliza mitihani na sasa mnasubiri matokeo: Mbukwenyi! Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mwalimu aliyenialika aliniambia kwamba vijana wa hapa wanataka kusoma nje ya nchi, na kwamba swali wanalouliza kila siku ni nchi gani iliyo bora. Naomba radhi, swali hilo sitalijibu, kwa sababu naona limeulizwa kabla ya zamu yake. Nimekuja kuzungumza juu ya kozi, yaani kile ambacho kijana atakaa nacho darasani miaka mitatu, minne au sita, na ambacho katika familia nyingi huulizwa mwisho kabisa, baada ya nauli, baridi na makoti kwisha kujadiliwa.

Mwaka juzi mzee mmoja wa Chamwino alinifuata ofisini akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua ya udahili ya mwanawe, karatasi nzito yenye nembo ya dhahabu na mhuri mwekundu. Tayari alikuwa ameuza ng'ombe 11 ili kumlipa wakala aliyeileta. Aliniomba nimsomee tu, maana kijana alikuwa amemweleza kwamba anakwenda kusomea uhandisi wa ujenzi. Niliisoma mara mbili. Neno uhandisi lilikuwamo, lakini lilikuwa katika aya ya tatu, ndani ya sentensi iliyoanza na neno "endapo". Kilichotolewa kilikuwa nafasi ya mwaka mmoja wa lugha na masomo ya maandalizi, na endapo mwanafunzi angefaulu kwa kiwango kilichotajwa, angeruhusiwa kuomba nafasi ya shahada. Kuomba, si kupewa. Chuo hakikudanganya, kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Wakala ndiye aliyesoma kichwa cha barua akaacha kiwiliwili. Mzee aliikunja ile barua polepole, akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo mwanangu, nimemnunulia kiti au nimemnunulia foleni?"

Sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba mwaka wa maandalizi ni ulaghai. Ni utaratibu wa kawaida katika nchi nyingi. Urusi ina vitivo vya maandalizi ambamo mgeni husoma Kirusi pamoja na misingi ya sayansi kabla ya kuanza shahada, na Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kimewapokea wengi kwa njia hiyo. Anayepata ufadhili wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza inayofundishwa Kichina huanza kwa lugha, na ufadhili wa serikali ya Uturuki nao una mwaka wa Kituruki. Ujerumani ina taasisi za maandalizi ziitwazo Studienkolleg, na hapo pana jambo la kuangalia kwa makini, kwa kuwa mwaka huo wa maandalizi wenyewe umegawanywa kwa kozi. Kundi la T ni la uhandisi na hisabati, kundi la M ni la tiba na baiolojia, na mengine ni ya uchumi au ya sanaa. Aliyeingia kundi la M kwa kufuata marafiki, kisha moyo ukamgeukia uhandisi, atagundua kwamba aliuchagua mlango wake mwaka mzima kabla ya kujua kwamba anachagua. Lililokosekana kwa yule mzee ni mtu wa kumwambia kwamba aliyopanga kuwa miaka minne ni mitano.

Sasa tuje kwenye majina ya kozi, ambayo ndiyo hasa yaliyonileta. Jina la kozi ni kibao tu kilichotundikwa mlangoni, na vibao vya nchi mbalimbali havikuandikwa na fundi mmoja. Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni wa Baba wa Taifa. Mwalimu Nyerere, baada ya Makerere na baada ya kufundisha, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 na kuhitimu mwaka 1952 akiwa na shahada iitwayo M.A. Watu wengi wakiona herufi hizo husema moja kwa moja kwamba alikwenda kuchukua shahada ya uzamili. Hapana. Katika vyuo vikongwe vya Uskoti, M.A. ya sanaa ni shahada ya kwanza, na ile aliyoisoma Mwalimu ilikuwa shahada ya kawaida yenye masomo mengi mbalimbali: fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, elimu ya jamii na tamaduni, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba, na falsafa ya maadili. Ukiitazama orodha hiyo unaelewa mambo kadhaa juu ya mtu aliyeisoma. Ukizitazama herufi mbili peke yake huelewi kitu, na unaweza hata kukosea ngazi.

Au chukueni namba 120. Hapa kwetu, kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka wa masomo una krediti 120, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Uingereza wanahesabu vivyo hivyo. Vuka bahari uingie bara la Ulaya, ambako mawaziri wa nchi 29 walitia saini tamko la Bologna mwaka 1999 ili kulinganisha shahada zao, na utakuta mwaka mmoja una krediti 60, kila moja ikiwa na saa 25 hadi 30. Nenda Marekani, na krediti 120 ndizo, kwa kukadiria, shahada nzima ya miaka minne. Kwa hiyo kijana akikupigia simu kwamba amefikisha krediti 120, usichinje mbuzi kabla ya kumuuliza yuko wapi: huenda amemaliza mwaka mmoja, huenda miwili, huenda amehitimu. Nimekwisha kuona ofisi ikibishana na mhitimu wiki mbili nzima kwa sababu kila upande ulikuwa unasoma namba ileile kwa macho ya kwao.

Tofauti haiishii kwenye hesabu, inaingia ndani ya mafunzo yenyewe. Uingereza, hususan England, anayeomba kusoma kemia hukutana na kemia tangu wiki ya kwanza na kumaliza kwa miaka mitatu. Uskoti ni minne. Marekani mwanafunzi huingia chuoni, wala si katika kozi, na katika miaka miwili ya mwanzo huchanganya hisabati, uandishi, historia na sayansi, ndipo atangaze somo lake kuu. Wapo vijana wetu waliotoka hapa na PCM safi, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, wakafika huko na kupangiwa insha za falsafa, wakalalamika kwamba wamerudishwa kidato cha pili. Mimi nawaambia kwamba malalamiko hayo yalipaswa kutolewa Dodoma kabla ya safari, wala si huko. Kijana ambaye tangu kidato cha tatu anajua anachokitaka, mfumo wa Kiingereza utamfaa, kwa kuwa tahasusi zetu za kidato cha tano zimekwisha kumbana njia hiyo. Kijana aliyechagua tahasusi kwa kuwa baba alisema, na moyoni bado anatafuta, huyo afikirie ule wa Marekani, maana huko kubadili mawazo katika mwaka wa pili hakuhesabiwi kuwa kosa.

Wazazi wa madaktari watarajiwa, naomba masikio yenu. Marekani hakuna shahada ya kwanza ya udaktari. Anayetaka kuwa daktari humaliza kwanza shahada nyingine ya miaka minne, ndipo aombe shule ya tiba, ambayo ni miaka mingine minne na yenye ushindani mkali sana, hasa kwa mgeni. Sheria nayo iko hivyohivyo, husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka 19 yuko Marekani anasomea udaktari, ujue anasoma baiolojia na ana ndoto njema. Ujerumani, udaktari husomwa moja kwa moja baada ya sekondari kwa muda wa miaka sita na ushei, na huishia kwenye mtihani wa dola, si kwenye shahada ya kwanza wala ya uzamili. Husomwa kwa Kijerumani. China, kozi ya tiba inayofundishwa Kiingereza huchukua miaka sita, mwaka wa mwisho ukiwa wa mazoezi hospitalini.

Kuhusu hiyo ya China niseme kidogo zaidi, maana inawavuta wengi. Maneno "inafundishwa Kiingereza" ni ya kweli yakiwa yanahusu mhadhara. Lakini mgonjwa aliyelala wodini hakuusoma mkataba wako na chuo. Mama mzee wa kijijini aliyeshika ubavu atakueleza maumivu yake kwa Kichina, tena pengine kwa lahaja ya mkoa wake, na daktari mkuu anayewazungusha vitandani atamjibu kwa lugha hiyohiyo. Mwanafunzi ambaye miaka mitatu ya mwanzo aliona somo la Kichina ni la kupoteza muda, atakaa nyuma ya wenzake wodini kama mtu anayetazama sinema isiyo na sauti. Kabla ya kuchagua kozi hiyo, uliza ina saa ngapi za lugha, mtihani wake ni wa kiwango gani, na kama kufaulu ni sharti la kuingia hospitalini. Chuo kilichoweka sharti gumu hapo ndicho ninachokiamini zaidi, ingawa ndicho ambacho wakala atakikwepa.

Kisha kuna kurudi nyumbani. Shahada ya nje haianzi kufanya kazi Tanzania siku unayoshuka kwenye ndege. Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotambua tuzo za vyuo vikuu vya nje, na mwombaji huambatisha vyeti vyake vya sekondari pia, kwa hiyo yule anayetafuta chuo cha mbali ili kukimbia matokeo yake ya kidato cha sita anapaswa kujua kwamba matokeo hayo yatasafiri naye na kurudi naye. Kabla ya kuondoka, Tume hiyohiyo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Kiombeni mapema, kwa sababu maswali mtakayoulizwa hapo ndiyo maswali ambayo mngejiuliza wenyewe. Baada ya Tume kuna mabaraza na bodi za taaluma. Daktari ataonana na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya utarajali wake, na mhandisi ataonana na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwanasheria anayetaka kuwa wakili atapita katika Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na huko atakutana na sheria yetu ambayo mizizi yake ni ya Kiingereza, inayojengwa juu ya hukumu zilizotangulia. Aliyesoma sheria Ufaransa au China amesoma mti mwingine. Ni mti mzuri, na katika biashara za kimataifa unaweza kumlipa vizuri sana, lakini asishangae akikuta wenzake waliosoma Mlimani, Dar es Salaam, au hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanakimbia katika uwanja ambao yeye ndiyo kwanza anaupima kwa hatua.

Nimesema nitakaa kwenye kozi, basi nichukue moja na tuifungue pamoja, na nimechagua ya hapa kwetu. Tuko Dodoma, mkoa wa zabibu. Kijana wa Hombolo au Mpunguzi ambaye baba yake ana shamba anaweza kabisa kusema anataka kusomea kilimo cha zabibu na utengenezaji wa mvinyo, na kozi hiyo ipo duniani, tena ya heshima. Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, wanaifundisha ndani ya shahada ya sayansi ya kilimo ya miaka minne. Adelaide, Australia, wanayo. Davis, Kalifonia, wanayo. Geisenheim, Ujerumani, wanayo, ingawa pale shahada ya kwanza ni ya Kijerumani. Wazazi ambao imani yao haipatani na mvinyo msikunje uso, kwa kuwa zabibu za mezani na zabibu kavu zimo katika somo hilohilo.

Lakini mzabibu wa Geisenheim na mzabibu wa Hombolo wanaishi maisha tofauti. Kule majira ya baridi hulaza mmea, majani yakapukutika yote, ndipo ukatiwe, uchipue na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza. Ni mkulima anayeuamsha kwa kuupogoa, na kwa sababu hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Sasa fungueni orodha ya masomo ya chuo cha nchi ya baridi. Somo la kuzuia uharibifu wa jalidi wakati wa machipukizi: utalisoma, utafanyia mtihani, na hutalitumia kamwe hapa. Somo la kalenda ya upogoaji: limeandikwa kwa mzunguko ambao si wako, kwa hiyo chukua kanuni yake na uiache tarehe yake. Kemia ya mvinyo, chachu, magonjwa ya ukungu, uchambuzi wa udongo: hayo yote yanakuja nyumbani bila kupungua. Umwagiliaji katika nchi kame: hili ndilo la kutafuta kwa taa, na utakuta kwamba katika baadhi ya vyuo vya nchi za mvua ni somo la hiari lenye uzito mdogo, wakati Adelaide na Davis, ambako maji yenyewe ni shida, wamelipa nafasi yake. Mwisho, utafiti wa mwaka wa mwisho: je, chuo kinaruhusu ufanyike nje ya nchi hiyo? Kikiruhusu, njoo uufanyie kwetu, ambako kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinashughulika na zabibu, na shahada yako itakuwa imeota mizizi hapa kabla hujaipokea. Nimetumia zabibu, lakini mwenye alizeti za Singida afanye hivyohivyo kwa kozi ya teknolojia ya vyakula, na anayetaka mipango miji aulize kama atafundishwa jiji linalokua kwa kasi kama hili letu au mji uliokwisha kukamilika miaka mia moja iliyopita.

Kama mnajiuliza nimeyajuaje haya, nimeyajua kwa kuumia. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza nilichaguliwa kwenda muhula mmoja katika chuo kimoja cha Ulaya, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilikuwa nasomea mambo ya maji, na kwa kijana wa Dodoma maji maana yake ni maji ya chini ya ardhi, kwa sababu mji huu kwa miaka mingi umekunywa kutoka visima vya bonde la Makutupora. Niliandika masomo sita kwenye karatasi, nikajivunia. Siku ya pili baada ya kufika niliketi mbele ya mshauri wa masomo, mama mpole mwenye kalamu nyekundu. Somo la kwanza akalikata: linafundishwa muhula wa baridi tu, nami nilifika wa kiangazi. La pili akalikata: lilihitaji somo la awali la hisabati ambalo sikuwa nimelisoma. La tatu lilikuwa na jina la Kiingereza kwenye orodha, ila akaniuliza kwa upole kama nafahamu lugha ya pale, maana jina ndilo tu lililotafsiriwa. La nne lilikuwa limejaa. Kati ya sita yakabaki mawili, nayo yote hayakugusa maji ya chini ya ardhi. Moja lilihusu kuyeyuka kwa theluji. Nikajaza nafasi zilizobaki kwa yaliyokuwapo, nikafaulu, nikarudi nyumbani na transkripti nzuri, na idara yangu ikakataa masomo mawili kwa sababu hapakuwa na makubaliano ya maandishi kabla sijaondoka. Nikayarudia mwaka uliofuata na wadogo zangu.

Hakuna aliyenionea. Orodha ya masomo yaliyo wazi kwa mgeni wa muhula mmoja si orodha nzima ya chuo, na hili wengi hawalijui. Maabara zenye nafasi chache, masomo ya kliniki na semina za mwaka wa mwisho mara nyingi hubaki kwa wenyeji. Katika mpango wa Ulaya wa Erasmus kuna waraka wa makubaliano ya masomo ambao hutiwa saini na watatu, mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea, na ndani yake kila somo linatajwa pamoja na krediti zake na somo ambalo litafidia nyumbani. Hata pale ambapo mpango wenu si huo, tengenezeni karatasi ya namna hiyo, mkuu wa idara aitie saini, na nakala mbaki nayo. Wekeni masomo mawili ya akiba. Ndugu zenu walioko UDOM au St. John's wakipata nafasi kama hiyo, wapelekeeni ujumbe huu leo jioni.

Kuna wanaoniuliza juu ya Ujerumani kwa kuwa wamesikia haina ada. Ni kweli kwamba vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo, isipokuwa baadhi, kama vile vya jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na ni kweli pia kwamba utadaiwa kuonyesha fedha za kujikimu kabla ya viza. Kwa upande wa kozi, jambo la kukumbuka ni kwamba zile za Kiingereza nyingi ni za uzamili. Anayemaliza kidato cha sita leo anaweza kusoma shahada ya kwanza hapahapa UDOM, Chimwaga, akajifunza Kijerumani taratibu, na kwenda huko baadaye akiwa na kozi nyingi zaidi za kuchagua. Kwa vijana wengi walio katika ukumbi huu, huo ndio ushauri wangu hasa, na najua si wote mlitaka kuusikia.

Nje ya nchi si lazima pawe mbali. Makerere, iliyoanza mwaka 1922, bado iko Kampala, na wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba elimu ya juu ya ukanda huu iwe eneo moja, jambo linalorahisisha kulinganisha kozi. Na kwa wanaotaka sayansi ya data na akili bandia, Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, ya kwanza ya taasisi hizo nje ya India. Boti inafika.

Kuhusu muda niseme kwa kifupi. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai. Kwa kozi nyingi za Ujerumani zinazoanza Oktoba, mwisho wa maombi ni Julai 15; vyuo vingi vya Marekani na vya Uingereza hufunga dirisha kuu Januari. Hesabuni wenyewe: wengi wenu, mkitaka kuomba mkiwa na matokeo mkononi, mnaomba kwa ajili ya mwaka ujao. Msiogope mwaka huo, na msikubali mtu awauzie haraka. Mtakaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) mtarudi na miezi ya kutosha ya kusoma orodha za masomo kwa utulivu, na kumwandikia barua pepe mratibu wa kozi, ambaye mara nyingi hujibu mwenyewe.

Nimekuja na orodha tatu nilizozichapisha, zote za kozi zenye jina moja la uhandisi wa maji, kutoka vyuo vitatu vya nchi tatu. Majina ya vyuo nimeyafunika kwa karatasi ya gundi. Ziko kwenye meza ile ya nyuma, karibu na mlango. Naomba kila mzazi akae na mwanawe, wachukue kalamu, na watie alama kwenye masomo ambayo fundi wa visima wa Bahi angeyahitaji. Mkimaliza tutafunua majina. Nitakuwa hapa hadi saa kumi, na aliye na barua ya udahili ndani ya bahasha, aje nayo tuisome aya ya tatu. Asanteni.